Mtu-farasi: anapendeza sana, lakini angeishi namna gani?

Ndugu wasomaji, katika kijitabu chetu tumezoea kusoma habari za mila za wazee: mahari, majina ya watoto, methali, ngoma za matanga. Safari hii naomba ruhusa kusema juu ya kiumbe cha mila za watu wengine. Lakini si mgeni wa mbali tena. Amekwisha kuingia katika nyumba zetu kwa njia ya filimu, vitabu na simu za watoto. Ni mtu-farasi, ambaye vitabu vya Kifaransa vinamwita sentauri: kichwa, mikono na kifua vya mtu, na kuanzia kiuno kwenda chini, mwili mzima wa farasi pamoja na miguu yake yote minne.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nafundisha mifupa ya wanyama wenye uti wa mgongo katika darasa ya tano ya sekondari, seksheni ya biolojia na kemia. Nilipokuwa napita kati ya madawati, niliona kijana mmoja amechora mtu-farasi pembeni ya daftari yake. Alimchora vizuri, mpaka kwato na mishipa ya shingo. Mwalimu mwenzangu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba hayo ni mambo ya mashetani. Mimi sikusema vile. Kijana aliinua kichwa, akaniuliza: «Mwalimu, huyu mutu eko na mioyo ngapi?» Nikamjibu: «Wachana na bongo, fwata somo.» Darasa nzima ikacheka. Akafunga daftari, na mpaka mwisho wa mwaka hakuniuliza tena kitu.

Kumbe swali lake lilikuwa la biolojia tupu, na lilikuwa ndani kabisa ya somo la siku ile. Tena, mimi sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu hapo, na ndiyo sababu ya maandishi haya. Kuna watu wanaosema kwamba hadithi ni hadithi, haipimwi kwa mizani ya sayansi. Wengine wanasema kwamba kitu kisichoweza kuwapo hakifai kusomwa. Mimi naona wote wawili wanakosa. Kuuliza «angeishi namna gani?» ni njia nzuri ya kusoma hadithi, na waandishi waliojiuliza swali hilo ndio waliotupatia watu-farasi wanaobaki katika kichwa.

1. Alikotoka

Mtu-farasi ni wa Wagiriki wa zamani. Walisema makao yake ni milima ya Tesalia, zaidi sana mlima Pelion. Sanamu moja ya udongo iliyofukuliwa Lefkandi, katika kisiwa cha Euboea, ina karibu miaka 2,900. Urefu wake ni sentimita 36 hivi. Kichwa chake kilikutwa katika kaburi moja, na mwili katika kaburi lingine. Baadaye sana, kwenye hekalu la Parthenon kule Athene, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 447 mbele ya Kristu, mafundi walichonga vita vya watu-farasi na kabila la Walapithi juu ya mawe ya upande wa kusini. Mawe 15 ya upande huo leo yako London, katika British Museum.

Vita vile vilianzia kwenye arusi. Mfalme wa Walapithi, jina lake Pirithous, aliwaalika watu-farasi kama ndugu wa ukoo. Wakakunywa divai, wakalewa, wakataka kumnyakua bibi arusi. Hapa msomaji wa kwetu hahitaji maelezo, kila mmoja wetu amekwisha kuona karamu iliyoharibiwa na ndugu ambao hawakuweza kuachwa bila kualikwa.

Lakini Wagiriki haohao walikuwa na mtu-farasi mwingine, Kironi. Yeye alikuwa mwenye akili na upole, anajua dawa, muziki na uwindaji. Alikuwa mwalimu. Wazazi wakubwa walimpelekea watoto wao kule mlimani: Akile, Yasoni, hata Asklepio ambaye baadaye alihesabiwa kuwa mungu wa waganga. Tumkumbuke, sababu tutamrudilia.

Wazo lilitoka wapi? Mgiriki mmoja, Palaifato, aliyeandika katika karne ya nne mbele ya Kristu, alisema wazi kwamba kiumbe kama hicho hakiwezekani: chakula cha farasi na cha mtu havipatani, na kama kingekuwako zamani kingekuwako hata sasa. Yeye alidhani kwamba watu waliona kwa mbali vijana wa kwanza waliojua kupanda farasi, wakafikiri ni mwili mmoja. Maelezo yake si ya kutupwa. Mwaka 1519, Wahispania walipopigana na wenyeji wa Tabasco katika Meksiko, askari Bernal Díaz aliandika kwamba wenyeji, ambao hawakuwa wamewahi kuona farasi, walidhani farasi na mpandaji ni kiumbe kimoja.

Hapo tunaelewa pia kwa nini wazee wetu hawakumbuni mtu-farasi. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu farasi hakuweza kuishi, mbung'o walimuua kwa ugonjwa wa tripanosoma. Mtu anachanganya mwili wake na mnyama anayeishi naye ao anayemwogopa. Kwetu ni maji na mamba. Sisi wa Lubumbashi tunamjua mamba-muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambaye miaka ya 1970 picha yake ya rangi ilitundikwa ukutani katika nyumba nyingi. Kwa hiyo tusimcheke Mgiriki. Sisi vilevile tumekaa sebuleni, tukakula bukari chini ya macho ya kiumbe cha nusu kwa nusu.

2. Kinachovuta watu

Kwa nini vijana wa leo, kule Ulaya, Marekani na hata hapa kwetu, wanampenda mtu-farasi kuliko viumbe vingine vya hadithi? Wengine wanasema ni nguvu na mbio. Ni kweli, lakini haitoshi. Simba ana nguvu pia, na gari lina mbio.

Mimi nafundisha watoto wa miaka kumi na nne mpaka kumi na tisa. Naona kila mwaka kijana anayerudi kutoka likizo na sauti nyingine, miguu mirefu asiyojua kuiweka wapi chini ya dawati, na ndevu tatu. Kichwa ni cha mtoto wa juzi, mwili umekwenda mbele peke yake. Mtu-farasi ni picha ya hali hiyo. Juu yuko anayefikiri, chini yuko anayetaka kukimbia, na hakuna mlango kati yao. Mamba-muntu anaweza kujificha majini, mbwa-mwitu wa hadithi anageuka usiku tu, lakini mtu-farasi ni hivyo mchana na usiku, mbele ya watu wote.

Mwandishi Xenofoni, katika kitabu chake juu ya mfalme Kuro wa Uajemi, aliona jambo hilo karibu miaka 2,400 iliyopita. Mtu mmoja katika kitabu hicho, Krisanta, anasema anatamani kuwa kama mtu-farasi, awe na akili ya mtu pamoja na mbio za farasi. Lakini palepale anaongeza kwamba kupanda farasi ni bora kuliko kuwa farasi. Mpandaji anaweza kushuka, akakula, akavaa na kulala kama watu. Mtu-farasi hashuki. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo shida yake.

3. Hesabu ya mwili

Sasa turudilie swali la kijana. Nitafuata mwili hatua kwa hatua, sawa vile tunavyofanya darasani.

Kwanza, miguu. Wanyama wote wenye uti wa mgongo wanaoishi nchi kavu wametokana na samaki wa zamani waliokuwa na mapezi mawili ya mbele na mawili ya nyuma yenye mifupa ndani. Mwaka 2004 wataalamu walifukua kaskazini ya Kanada mabaki ya samaki wa aina hiyo, waliyemwita Tiktaalik, mwenye miaka karibu milioni 375. Tangu wakati ule hesabu haijapita nne. Bawa la popo ni mkono. Bawa la ndege ni mkono. Nyoka amepoteza yote minne, nyangumi amepoteza ya nyuma. Kupoteza kunawezekana, tunaona mifano mingi. Lakini hakuna ukoo hata mmoja wa wanyama hao uliopata jozi ya tatu. Mtu-farasi ana mikono miwili na miguu minne, yaani sita. Kwa hesabu hiyo yuko karibu na panzi kuliko mbuzi.

Angalieni hapa jambo la kuchekesha: mamba-muntu wetu anapita mtihani huu vizuri zaidi. Yeye ana mikono miwili na mkia, miguu ya nyuma hana. Nguva, ambaye anaishi hata katika sehemu za chini za mto Kongo, ana umbo hilohilo. Sisemi kwamba mamba-muntu yuko. Nasema wachoraji wetu, bila kujua, walitoa miguu badala ya kuongeza.

Pili, chakula. Farasi wa kilo 500 anahitaji kila siku karibu kilo 10 za majani makavu. Porini anakula kwa saa nyingi sana, mpaka 16 kwa siku. Meno yake ni marefu, yanaendelea kutokeza miaka mingi sababu majani yanayasaga. Mtu-farasi ana kinywa cha mtu, chenye meno madogo 32 na taya fupi. Hata angetafuna usiku kucha hangeweza kulisha tumbo lile. Tuseme basi asile majani, akule bukari. Farasi wa ukubwa huo anatumia nguvu ya kalori karibu 16,000 kwa siku hata bila kazi, mtu mzima wa kawaida 2,000 na kidogo. Mgeni mmoja atakula sahani za watu saba ao nane, kila siku, na hajakimbia bado. Mama wa nyumba atasema nini?

Tatu, hewa. Farasi anapokimbia sana anavuta na kutoa zaidi ya lita 1,000 za hewa kwa dakika. Mwanamichezo hodari hapiti sana lita 200. Bomba la hewa la farasi lina upana wa sentimita tano ao sita, letu mbili hivi. Mapafu ya farasi yaliyowekwa nyuma ya pua ya mtu ni kama moto mkubwa wa fundi chuma unaopulizwa kwa mrija wa soda. Baada ya mita mia mbili angeanguka.

Nne, mizani. Farasi aliyesimama anaweka tayari karibu asilimia 60 ya uzito juu ya miguu ya mbele. Mwongezee pale mbele kifua cha mtu, mabega, ngao na mkuki kama kwenye filimu, na miguu ile ya mbele, iliyo myembamba vile, itavunjika mapema.

Tano, umri. Hapa namheshimu sana Lukresio, mshairi Mroma wa karne ya kwanza mbele ya Kristu. Yeye hakuwa na mikroskopu wala kitabu cha mifupa. Alisema tu kwamba farasi wa miaka mitatu yuko katika nguvu zake, wakati mtoto wa miaka mitatu bado anatafuta ziwa la mama. Na farasi anapozeeka, kijana ndiyo kwanza anaota ndevu. Saa mbili zisizopatana haziwezi kuongoza mwili mmoja. Kila mama wa kwetu angeelewa mara moja. Mtoto wa farasi anasimama saa moja ao mbili baada ya kuzaliwa, wetu anangoja mwaka. Nani angembeba mtoto asiyejua kushika shingo yake, wakati miguu yake minne inataka kukimbia?

Karne mbili na zaidi baadaye, mganga Galeno aliongeza swali la kazi: mtu kama huyo angepanda ngazi namna gani, angeketi namna gani ili afanye kazi ya mikono? Mkono wa mtu, alisema, unafaa kwa sababu miguu yake ni miwili na anaweza kuketi. Tukumbuke ile ngazi.

4. Mnyama wa kwetu aliyeitwa farasi

Mtu ataniambia: «Lakini Mungu ameumba vitu vya ajabu kuliko hivyo.» Ni kweli, na mfano mzuri uko kwetu, Ituri. Henry Stanley, katika kitabu chake cha 1890, aliandika kwamba Wambuti wa msituni wanajua mnyama anayefanana na punda. Ulaya hawakumjua. Mwaka 1900 Harry Johnston, aliyekuwa mkubwa wa Waingereza katika Uganda, alipata vipande vya ngozi yake yenye milia, akavituma London. Mtaalamu Sclater, mwaka 1901, akamwandika katika ukoo wa farasi na punda milia. Mwaka uleule ngozi nzima na mafuvu vikafika. Kumbe kwato zimepasuka mara mbili, farasi hana hivyo. Meno na fuvu vilikuwa vya ukoo wa twiga. Ndiye okapi.

Kwa macho, okapi ni mchanganyiko: milia ya punda milia, kichwa cha twiga, umbo la farasi. Lakini ndani viungo vyake vyote vinapatana. Ulimi mrefu unachuma majani ya miti, tumbo la mnyama wa kucheua linayapokea, milia inamficha katika kivuli cha msitu. Hakuunganishwa na mtu, ametoka katika ukoo wake pole pole. Hiyo ndiyo tofauti kati ya ajabu ya kweli na ajabu ya kubuni. Mtu-farasi alianza kwenye kiuno, mahali msanii alipounganisha nusu mbili; okapi hana mahali pa kuunganishia. Na nasikitika kwamba wanafunzi wengi wanajua okapi kama jina la redio tu, wakati mtu-farasi wanaweza kumchora kwa macho yaliyofungwa.

5. Waandishi waliolipa na wale ambao hawakulipa

Baada ya hesabu hii, tufunge vitabu vya hadithi? Hapana. Tuwe wasomaji wakali zaidi. Swali langu kwa kila mwandishi ni hili: umechukua mbio za farasi bure, ao umelipa bei ya tumbo lake, kwato zake na uzito wake?

Filimu nyingi hazilipi. Katika filimu ya Narnia ya mwaka 2005, mtu-farasi ni jemadari mzuri sana mwenye panga, lakini habari ya tumbo lake haina nafasi. Ni askari mwenye farasi asiyehitaji nyasi. Sasa someni mwandishi wa vitabu vyenyewe, C. S. Lewis. Katika kitabu cha 1953, The Silver Chair, anaeleza kwa kuchekesha kwamba mtu-farasi ana matumbo mawili, na yote mawili yanataka chakula cha asubuhi. Kwanza anakula kama mtu, uji, samaki, nyama na pombe. Kisha anakwenda kula majani karibu saa nzima, na kumalizia kwa nafaka na sukari. Kwa hiyo kumwalika mgeni kama huyo ni jambo zito. Mistari michache tu, lakini mimi nimemwamini mtu-farasi wa Lewis kwa ajili ya uji ule kuliko kwa ajili ya panga lile. Wataalamu watasema matumbo mawili hayatatui shida ya hewa. Sawa. Lakini mwandishi amekubali kwamba mwili una madai yake.

J. K. Rowling naye alilipa. Katika kitabu cha tano cha Harry Potter, cha mwaka 2003, mtu-farasi Firenze anaajiriwa kuwa mwalimu. Mwalimu aliyemtangulia katika somo lile alifundisha juu ya mnara, mahali pa kupanda kwa ngazi. Firenze hawezi. Inabidi kumtayarishia darasa chini. Ndiyo ile ngazi ya Galeno, miaka zaidi ya 1,800 baadaye! Tena ndugu zake wa msituni wamemfukuza na kumpiga teke, alama ya kwato iko kifuani, sababu amekubali kufundisha watu. Msomaji anaona kwa alama moja mwili na msiba wake.

Kuna pia deni la aina nyingine, ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita kimya. Filimu ya katuni Fantasia, ya studio ya Disney, mwaka 1940, ilionyesha watu-farasi wakicheza kwenye muziki wa Beethoven. Wasichana weupe walikuwa nusu farasi wazuri. Lakini palikuwa na mtumishi mmoja mweusi, aliyewasafisha kwato, na yeye alichorwa nusu punda. Mwaka 1969 filimu iliporudishwa katika sinema, alikuwa amekatwa. Wale wanaosema «ni ya kubuni tu, haina maana», wajibu hapa: kama ni ya kubuni tu, nani aliamua mweusi apewe punda? Mwili wa kubuni unachorwa na mkono wa kweli, na mkono ule una mawazo yake juu ya watu.

Lakini kitabu kilichonigusa zaidi kama mwalimu ni cha Mwamerika John Updike, The Centaur, cha 1963, kilichopata National Book Award mwaka 1964. Ndani yake mna mwalimu wa sayansi wa shule ya sekondari, George Caldwell, mtu wa mshahara mdogo, aliyechoka, mwenye kuogopa ugonjwa. Updike alimwandika akimfikiria baba yake mwenyewe, ambaye alikuwa mwalimu. Katika kurasa za mwanzo mwanafunzi anampiga mshale kwenye kifundo cha mguu, darasa linacheka, na yeye, baada ya kutolewa mshale, anarudi kueleza umri wa ulimwengu mbele ya watoto wasiomsikiliza. Mara ni mwalimu, mara ni Kironi mwenye kwato. Mwandishi haelezi kamwe inawezekana namna gani, wala hatumwulizi, sababu amelipa bei kwa njia nyingine: maumivu ya mguu ni ya kweli.

Na Kironi wa Wagiriki alikuwa hivyohivyo. Mshale wa Herakle, uliopakwa sumu, ulimpiga kwa bahati mbaya. Yeye hakuweza kufa, sababu alizaliwa wa milele, wala hakuweza kupona, hata akiwa mwalimu wa waganga wote. Mwishowe aliomba kuacha uzima wake wa milele ili apumzike. Tazameni: kati ya watu-farasi wote wa kale, aliyedumu katika mioyo ya watu ni yule ambaye mwili wake ulimuuma.

6. Kwa kumaliza

Wenzangu walimu, hasa wale wanaosema tusifundishe bongo, nawaelewa. Nchi yetu imeumizwa na mambo ya kubuni. Tumeona watoto wanaitwa wachawi na kufukuzwa nyumbani kwa ajili ya ndoto ya mtu fulani. Kwa hiyo tunaogopa kila kiumbe cha nusu kwa nusu. Lakini kinga ya uongo si kukataza picha. Kinga ni kumzoeza mtoto kuuliza: anakula nini? anapumua namna gani? nani amemwona, na amemwona kwa mbali ao kwa karibu? Mtoto aliyezoea kumwuliza mtu-farasi maswali hayo atamwuliza pia yule anayedai kwamba jirani anaruka usiku juu ya ungo.

Katika Marekani, kwenye maktaba kuu ya chuo kikuu cha Tennessee, tangu 1994 kuna sanduku la kioo lenye mifupa ya mtu-farasi, imelazwa katika udongo kama imefukuliwa kaburini. Iliundwa na Bill Willers, msanii aliyekuwa pia mwalimu wa biolojia, kwa mifupa ya mtu na ya farasi mdogo. Mwanafunzi anayepita pale anaona ushahidi mzuri kabisa wa kitu ambacho hakikuwako kamwe. Ni somo safi: usiamini mfupa kwa sababu tu umewekwa ndani ya kioo. Sisi hatuna sanduku la kioo, lakini tuko na ubao na chaki. Siku hizi, kila mwaka, baada ya somo la mifupa, namchora mtu-farasi ubaoni na kuwaambia wanafunzi watafute mahali ambapo mwili unakataa. Saa hiyo haitoshi kamwe.

Inabaki lile swali la kijana. Alimaliza masomo, sijui aliko. Kama kijitabu hiki kinamfikia, jibu ni hili. Wachoraji wanampa mtu-farasi vifua viwili, kwa hiyo mtu anadhani mioyo miwili. Lakini moyo wa farasi una kilo karibu nne, wakati wetu una gramu 300 hivi, na tayari unasukuma damu mpaka kwenye kichwa cha farasi kilichoinuliwa, kama mita moja juu yake. Kichwa cha mtu pale juu hakingekuwa mbali zaidi. Moyo mmoja, wa chini, ungetosha. Kifua cha juu, kile ulichokichora vizuri na mbavu zake zote, kingebaki karibu nyumba tupu, njia ya kupitisha hewa na chakula tu.

Lilikuwa swali zuri, mwanangu. Ningalikujibu siku ile.